Fedha Nyingi Mkononi, Faida Hakuna

Mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii niliisikia nikiwa mtoto, nikaiandika katika daftari la shule, na nilipokuwa mtu mzima nikawa naitumia kuwaonya wengine. Lakini kuijua methali ni jambo moja, na kuitii ni jambo jingine. Mimi niliijua kwa miaka arobaini bila kuitii, na ukaidi huo nusura umnyime binti yangu nafasi yake ya chuo.

Ndiyo sababu leo nimeshika kalamu. Naandika habari za kuosha malori, kazi ambayo huenda wewe, ndugu msomaji, huifanyi. Lakini kama unauza maandazi, unashona nguo, unachomelea mageti au unafuga kuku, basi yawezekana kosa langu limo nyumbani mwako pia, nawe hujaliona.

MAJI YALIFUATE LORI

Nilikuwa dereva wa malori ya masafa marefu kwa miaka kumi na tisa. Njia yangu ilikuwa ile ya kutoka bandari ya Dar es Salaam, kupitia Morogoro, Iringa na Mbeya mpaka Tunduma, mwendo wa kilometa zaidi ya 900. Na mara kwa mara nilivuka mpaka, nikaipita Zambia hadi Kasumbalesa, kwenye lango la Kongo. Mwaka 2020 ulipoingia ugonjwa wa korona, madereva tukawa tunapimwa mipakani, foleni zikarefuka, na mwezi Mei mpaka wa Nakonde, upande wa Zambia, ukafungwa kwa siku kadhaa. Kampuni niliyokuwa nikiitumikia ikapunguza malori, na ilipopunguza malori ikapunguza na madereva. Nami nilikuwamo.

Baada ya mwaka mzima wa vibarua, nikapata wazo. Nilijua kwa uzoefu wangu kwamba lori linaporudi kutoka Kongo huwa limebeba vumbi na tope la nchi tatu. Mwenye lori hutaka lioshwe kabla ya kwenda kupakia tena, kwani mwenye mzigo hulitazama lori kwa macho makali kabla ya kulikabidhi mali yake. Hivyo dereva hulitoa yadi, akalipeleka kando ya barabara au kando ya mto, akapanga foleni, akachoma dizeli, na nusu ya siku ikapotea. Nikajiuliza: kwa nini lori liyafuate maji? Kwa nini maji yasilifuate lori huko huko yadi?

Wazo hilo halikuwa baya. Hata leo nalisifu. Ubaya ulikuwa katika bei.

Mtaji sikuwa nao. Aliyekuwa nao ni mke wangu, ambaye ana genge la nyanya, vitunguu na mboga karibu na nyumba yetu huku Mbagala. Zamu yake ya upatu ilikuwa imefika, akapokea shilingi 1,600,000. Fedha hizo zilikuwa na kazi yake tayari. Binti yetu mkubwa alikuwa akisoma kidato cha sita, na nia yake ilikuwa kuingia chuo cha uuguzi. Mama watoto alizihesabu mezani mbele yangu, akanisogezea, akasema, "Baba, hizi si zangu wala si zako. Ni za mtoto. Nakukopesha mpaka Oktoba." Nami nikaapa kwamba zitarudi kabla ya hapo, tena zikiwa na ndugu zake.

Nikanunua mashine ya kusukuma maji kwa presha, iliyokwisha tumika, yenye injini ya petroli, kwa shilingi 1,200,000. Shilingi 400,000 zilizobaki zikanunua tangi la plastiki la lita 500, mipira ya maji, brashi za mpini mrefu, ndoo na pipa la sabuni. Tangi kubwa zaidi sikuthubutu kulichukua, kwani lita 1,000 za maji ni tani moja kamili, na gari nililokusudia kulitumia lisingeweza kuibeba. Gari lenyewe lilikuwa kirikuu ya jirani yangu, ambayo alikubali kunikodisha kwa shilingi 20,000 kwa siku, mafuta yakiwa juu yangu. Nikamwajiri kijana mmoja kwa shilingi 12,000 kwa siku. Januari 2022 tukaanza kazi katika yadi mbili: moja Tabata, si mbali na Barabara ya Mandela, na nyingine kando ya Barabara ya Morogoro kuelekea Kibaha.

BEI YA KUAZIMA

Ulipofika wakati wa kutaja bei, nilifanya kama wafanyavyo wengi wetu. Nilikwenda kwa vijana wanaoosha malori kando ya mto, nikawauliza, "Kichwa na tela mnaosha kwa kiasi gani?" Wakaniambia shilingi 15,000. Nami nikaenda kwa wenye malori, nikataja 15,000.

Sikujiuliza kwamba wale vijana hawakodi gari, hawanunui petroli wala maji. Tena uchafu wao huuachia mto. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, na sababu yake mtu yeyote aliyewahi kuosha lori anaijua: kinachotoka chini ya lori si vumbi tu, bali ni oili, grisi na dizeli. Simlaumu kijana anayetafuta riziki. Nasema tu kwamba katika ile bei ya 15,000 alikuwapo mlipaji wa pili asiyeonekana, nao ni mto pamoja na watu wanaoishi bondeni. Mimi niliyeosha yadini, juu ya sakafu ya saruji yenye shimo la kuchujia oili, nilikuwa nimeazima bei ya mtu ambaye gharama zake hazikufanana na zangu hata kidogo.

Kazi ilikwenda vizuri, au ndivyo nilivyodhani. Kwa siku tuliosha malori sita. Yadi zote mbili zililipa mwisho wa mwezi. Siku 24 za kazi, malori sita kila siku, kwa shilingi 15,000, ni shilingi 2,160,000. Makampuni hayo, kama sheria inavyotaka, yalikata asilimia 5 ya kodi ya zuio, nikabaki na shilingi 2,052,000. Kodi hiyo huhesabiwa katika kodi ya mwaka, lakini siku ile ya malipo haimo mfukoni.

Milioni mbili, ndugu msomaji! Katika miaka yangu yote ya udereva sikuwahi kuzishika kwa mkupuo mmoja. Mwisho wa mwezi nilirudi nyumbani nikitembea kwa maringo, nimebeba nyama na soda za watoto. Kesho yake nilianza kulipa madeni: kirikuu ya jirani, sabuni ya dukani, maji ya kisimani, ujira wa kijana. Wiki ya pili ya mwezi mfuko ulikuwa mtupu. Hapo nilimwendea mke wangu gengeni, nikamwambia, "Mama, nipe elfu thelathini ya petroli, nitarudisha mwisho wa mwezi." Akanipa. Keshokutwa nikaenda tena.

Sikuona ajabu kwamba mtu mwenye milioni mbili anakopa petroli kutoka katika fungu la nyanya.

USIKU WA HESABU

Mwezi Julai matokeo ya kidato cha sita yakatoka, na binti yetu akawa amefaulu. Tulishangilia pamoja na majirani. Usiku, watoto walipokwisha lala, mama watoto alileta taa mezani, kwani umeme ulikuwa umekatika, akakaa mbele yangu.

"Baba," akasema, "mtoto amefaulu. Fedha zake ziko wapi?"

Nikamjibu kwa kujiamini kwamba asiwe na wasiwasi, kwani kila mwezi mimi huingiza zaidi ya milioni mbili.

"Sikukuuliza zinazoingia. Nimeuliza ziko wapi."

Nikakaa kimya. Akaenda chumbani, akarudi na daftari. Lilikuwa daftari la genge lake. Kumbe kila shilingi niliyochukua alikuwa ameiandika, tarehe kwa tarehe, kwa herufi zake ndogo zilizonyooka. Mtaji wa genge, ambao Januari ulikuwa ukijaza meza mbili, sasa haukuweza kujaza hata moja. Nyanya zilikuwa zimegeuka petroli.

Hakunipigia kelele, na kama angenipigia kelele ningepata nafuu. Alifungua ukurasa mpya, akanipa kalamu, akasema, "Niambie siku yako moja. Usiniambie mwezi. Mwezi unadanganya."

Tukaandika. Siku ile mashine ilipolala, kirikuu ilikuwa imedai shilingi 20,000 zake. Petroli ya kirikuu kutoka Mbagala, kwenda yadi, kwenda kisimani na kurudi, lita 4. Januari petroli ilikuwa karibu shilingi 2,500 kwa lita. Lakini baada ya vita vya Ukraine kuanza mwezi Februari bei ilipanda, na kufikia katikati ya mwaka ilikuwa karibu shilingi 3,000. Hizo ni shilingi 12,000. Ujira wa kijana 12,000. Jumla yake shilingi 44,000.

"Hizi," akasema mama watoto, "unazilipa hata kama huoshi lori hata moja. Ni kama kodi ya meza yangu sokoni. Sasa niambie kila lori linakula nini."

Kila lori lilichukua dakika 40 za mashine, sawasawa na lita 1 ya petroli, yaani shilingi 3,000. Lilichukua lita 400 za maji. Kwa siku tulijaza tangi mara tano, kwa shilingi 3,000 kila mara, kwa hiyo kila lori lilikuwa na mzigo wa shilingi 2,500 za maji. Sabuni shilingi 1,500. Jumla shilingi 7,000.

Akatoa 7,000 katika 15,000, akapata 8,000. Halafu akaanza kuhesabu kwa kidole: "Lori la kwanza, 8,000. La pili, 16,000. La tatu, 24,000. La nne, 32,000. La tano, 40,000." Akanyanyua uso. "Baba, malori matano ya kwanza unayaosha kwa ajili ya mwenye kirikuu, mwenye kituo cha mafuta na yule kijana. La sita nusu yake ni yao pia. Wewe umebaki na shilingi 4,000."

Nikamkumbusha, kwa sauti ndogo, kwamba kampuni hukata asilimia 5. Asilimia 5 ya shilingi 90,000 ni shilingi 4,500.

Akaandika: upungufu, shilingi 500. Kwa siku 24, shilingi 12,000. Nilikuwa nikiamka saa kumi na moja alfajiri, nikirudi jioni nimelowa mpaka mifupani, na kila mwezi nilikuwa nikiwalipa wenye malori shilingi 12,000 ili waniruhusu kuwaoshea malori yao. Tena katika hesabu hiyo hatukuwa tumeweka ujira wangu mimi mwenyewe, wala fungu la kununulia mashine nyingine siku ile itakapokufa, wala zile siku za mvua ambazo malori yalikuja matatu tu, na kila moja likawa na mzigo wa zaidi ya shilingi 14,600 kabla ya tone la maji kuligusa.

MIGUU YA KIJANA

Tulikuwa bado tumekaa pale mama watoto aliponiuliza kuhusu yule kijana. "Juzi alikuja kuchukua ujira wake gengeni. Niliiona miguu yake. Ina nini?"

Jambo hili naliandika kwa aibu. Tangu Aprili, nilipoona fedha hazitoshi bila kujua kwa nini, nilianza kubana. Niliacha sabuni ya magari nikachukua dawa kali ya magadi, ambayo hukata grisi upesi lakini pia hukata ngozi. Buti za mpira za kijana zilipotoboka sikununua nyingine. Alikuwa akisimama katika maji yale tangu asubuhi mpaka jioni, na ngozi ya vidole vyake ilikuwa imeanza kuchubuka. Hakuwahi kulalamika. Aliniita "mzee", akaendelea kupiga brashi.

Nilichokiita kubana matumizi kilikuwa ni kulihamisha deni kutoka mfukoni mwangu kwenda katika miguu ya mtoto wa mwenzangu. Mama watoto aliandika katika daftari, bila kuniuliza: buti jozi mbili, glavu, sabuni ya haki. Ndivyo nilivyojifunza kwamba bei ikiwa ndogo kuliko gharama, ile tofauti haiyeyuki. Lazima iwe na mlipaji. Katika kazi yangu walilipa watatu: genge la mke wangu, ada ya binti yangu na ngozi ya kijana.

SAA ZA SIKU

Kesho yake sikwenda kazini. Nilikaa na daftari, nikaandika siku yangu si kwa shilingi bali kwa saa. Nilitoka nyumbani saa kumi na mbili asubuhi na kurudi saa kumi na moja jioni, muda wa saa 11. Mashine ilinguruma kwa saa 4 tu. Saa nyingine 3 zilikwenda katika kufuata maji kisimani na kupanga foleni pamoja na wenye mikokoteni. Saa 2 zilikwenda barabarani. Saa 2 zilizosalia nilikaa tu nikingoja, mara dereva amekwenda na funguo, mara lori bado liko njiani. Mteja alinilipa kwa saa 4. Saa 7 nilizitoa sadaka bila kukusudia.

Hapo nikaelewa kwamba kupandisha bei peke yake hakutoshi. Kama ningepandisha bei bila kuziponya zile saa 7, ningemtoza mteja gharama ya uzembe wa mpango wangu. Na kama ningeziponya saa bila kupandisha bei, bado ningebaki na ujira wa kuazima. Ilinipasa kufanya yote mawili.

Nikaandika masharti manne. Kwanza, maji yatolewe na mwenye yadi kutoka kisima chake mwenyewe. Pili, nije kwa siku tatu zilizopangwa katika wiki, na kila nijapo niyakute malori yasiyopungua kumi, funguo zikiwa kwa msimamizi. Tatu, bei iwe shilingi 22,000 kwa kichwa na tela, na kuosha injini kuwe na malipo yake mbali. Tena petroli ikipanda sana tukae chini tuzungumze. Nne, malipo yawe kila baada ya wiki mbili, kwani mimi si benki ya kumkopesha mwenye malori mtaji wa mwezi mzima.

MBELE YA TAJIRI

Nilikwenda kwanza yadi ya njia ya Kibaha. Msimamizi alisoma masharti yangu, akacheka, akasema kwamba kwa shilingi 15,000 wako vijana mia moja barabarani. Nikamshukuru, nikaaga. Njiani moyo ulinienda mbio, kwani nilikuwa nimepoteza nusu ya kazi yangu kwa dakika kumi.

Kule Tabata nilikutana na mwenye malori mwenyewe, yule ambaye madereva humwita tajiri. Ni mtu wa maneno machache. Nikamwamkia, akaniitikia, nikamwekea karatasi mezani. Naye akasema yale yale: "Mzee, barabarani wanaosha kwa 15,000."

"Ni kweli, tajiri," nikamjibu. "Lakini lori likienda barabarani linachoma dizeli yako, na dereva anakaa foleni kwa nusu siku ambayo lingeweza kuwa bandarini linapakia. Hayo huyaandiki katika bei ya kuosha, lakini unayalipa."

Akanyamaza. Nikaendelea kumweleza jinsi tunavyofanya kazi: kwamba sabuni tunaipaka kuanzia chini kwenda juu ili isiache michirizi, na kuisuuza kutoka juu kwenda chini, kwamba hatuiachi ikaukia juani, kwamba maji ya presha hatuyaelekezi kwenye bearingi za magurudumu, kwa sababu yanafukuza grisi, wala kwenye nyaya za umeme. Mtu aliyekuwa dereva kwa miaka kumi na tisa hulijua lori lilivyo chini ya tope.

Hapo tajiri akainua kichwa. "Wewe ndiye uliyeuona ule ufa?"

Mwezi Juni, tope lilipotoka chini ya tela mojawapo, niliona ufa katika chesi karibu na springi, nikamwita fundi. Tela lile lilikuwa liondoke kesho yake na mzigo kamili kwenda Lubumbashi. Sikudai chochote kwa kuuonyesha ule ufa, kwani niliona ni wajibu. Kumbe habari ilikuwa imefika juu.

Tulizungumza kwa saa nzima. Alikubali kutoa maji, akakubali zile siku tatu na malori kumi, akakubali malipo ya wiki mbili. Bei akaishusha mpaka shilingi 20,000, akaongeza sharti lake: kila lori linapooshwa nimwandikie kikaratasi cha mambo niliyoyaona, oili inayovuja, nati iliyolegea, taa iliyokufa. Nilipiga hesabu kichwani, nikakubali. Tukapeana mikono.

DAFTARI LA PILI

Agosti petroli ilifika shilingi 3,400 na ushei kwa lita, bei kubwa kuliko zote nilizowahi kuziona. Januari bei kama hiyo ingenizika. Safari hii nilikuwa na daftari langu mwenyewe, na hesabu ya siku moja ilikuwa hivi. Malori kumi kwa shilingi 20,000 ni shilingi 200,000. Kirikuu, ambayo nilimwongezea jirani kwa hiari kwa sababu alinivumilia, 25,000. Petroli lita 12, karibu 41,000. Sabuni ya haki 15,000. Vijana wawili, 15,000 kila mmoja, 30,000. Fungu la mashine 10,000. Ujira wangu mimi 25,000. Kodi ya zuio 10,000. Jumla shilingi 156,000. Kilichobaki, shilingi 44,000, ndicho faida.

Naomba uangalie, ndugu msomaji. Ujira wangu si faida, na fungu la mashine pia si faida. Mtu anayeuita ujira wake faida anajidanganya kwamba biashara inakua, kumbe anajilisha kwa jasho lake tu. Na mtu asiyeweka fungu la mashine anaila mashine yake kidogo kidogo kila siku, mpaka asubuhi moja aivute kamba na isiwake.

Kwa siku 12 za mwezi faida ilikuwa shilingi 528,000. Ni ndogo mno ukiilinganisha na zile milioni mbili za maringo. Lakini zile milioni mbili hazikuwahi kununua hata daftari la shule, na hizi 528,000 zilikaa. Nilifanya kazi nusu ya siku nilizokuwa nikifanya zamani. Siku nyingine nilipata yadi ya pili yenye kisima, kwa masharti yale yale. Na aliyeniita niende mbali kwa lori moja nilimtajia kwanza gharama ya kufika, ndipo ya kuosha. Wengine walikasirika. Wengine walikubali.

Ile yadi ya njia ya Kibaha haikunirudia. Nilipopiga hesabu zake peke yake, kwa jinsi ilivyokuwa mbali na jinsi malori yake yalivyokuwa yakichelewa, niliona kwamba yadi hiyo ndiyo hasa iliyokuwa ikinifilisi. Mteja niliyemlilia njiani alikuwa ameninufaisha kwa kuondoka kwake.

Oktoba ilipofika sikuwa na shilingi 1,600,000 zote. Nilikuwa na milioni moja kamili. Nilizihesabu juu ya meza ile ile, nikamsogezea mama watoto, nikamwambia nimeshindwa kutimiza kiapo changu, na kwamba 600,000 zilizobaki nitazilipa kabla ya mwaka kwisha. Akazihesabu naye, kwani yeye huhesabu kila kitu. Akatenga ada ya awali na fedha za sare, akafunga katika kitambaa, akamwita binti. Kisha akaandika katika daftari lake: amelipa 1,000,000, bado 600,000. Niliimaliza Desemba. Binti yetu amekwisha hitimu sasa, naye ndiye aliyenifundisha dawa ya kupaka miguu ya wale vijana wakati wa masika.

Mara nyingi watu huniuliza, "Mzee, kuosha malori kunalipa?" Mimi huwajibu kwamba kazi hailipi wala haikatai kulipa, kinacholipa ni bei iliyojua gharama zake. Andika gharama za siku nzima, hata zile za kusubiri. Zigawanye kwa idadi ya malori utakayoosha kwa hakika, wala si idadi unayoitumaini. Ongeza ujira wako, fungu la chombo chako, na faida kidogo. Ukiona jumla inazidi bei ya jirani, usikimbilie kushusha bei yako. Jiulize kwanza jirani anamwachia nani alipe.

Na kabla ya yote, fungua daftari, uketi na mwenzako wa nyumbani. Mimi nilidhani mke wangu ni muuza nyanya. Kumbe muda wote nilipokuwa nikitafuta mtaji nje, mhasibu alikuwa ndani.